Mwaka 2000 ulivyofika: kompyuta za serikali ziliandaliwa, Uvira ilikuwa vitani

BIJOMBO, UVIRA – Tarehe 31 Desemba 1999, saa sita ya usiku ilifika Uvira saa moja kabla ya kufika Kinshasa, na saa moja baada ya Dar es Salaam na Nairobi. Hilo ni jambo la kila mwaka, kwani Kivu haina saa moja na Kinshasa. Lakini usiku ule, katika miji mikuu mingi ya dunia, watu walikesha mbele ya mashine. Walifuata jinsi usiku unavyotembea, kutoka visiwa vya Pasifiki hadi Asia, kisha Afrika na Ulaya, hadi Amerika. Walitaka kujua kitu kimoja: je, kompyuta za serikali zitaelewa kwamba baada ya 99 inakuja 2000?

Uvira haikuwa inawaza kompyuta. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD tangu Agosti 1998. Kinshasa kulikuwa na serikali ya Laurent-Désiré Kabila, kaskazini kulikuwa na MLC ya Jean-Pierre Bemba, na RCD yenyewe ilikuwa imekwisha gawanyika, Goma upande mmoja na Kisangani upande mwingine. Mkataba wa Lusaka ulikuwa umetiwa sahihi mwezi wa Julai 1999, lakini bunduki hazikunyamaza. Kando ya ziwa watu walikuwa na hesabu yao ya tarehe: ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu mauaji ya Makobola, yaliyoanza tarehe 30 Desemba 1998 na kuchukua mamia ya raia. Juu huku Bijombo, ambako kutoka Uvira watu hupanda mlima kwa miguu, hakukuwa na waya wa umeme wala simu.

Kwa hiyo ukiitaja leo habari ya mwaka 2000, wapo wanaocheka. Wanasema ulikuwa uongo wa wazungu ili wauze mashine mpya. Si huku tu, hata Ulaya na Marekani wapo wanaosema hivyo. Inafaa jambo hili lisimuliwe tena, kwa sababu halikuwa uongo, na kwa sababu jina na tarehe ya kuzaliwa ya mkaaji wa Bijombo siku hizi vimo ndani ya mashine, tofauti na mwaka 1999.

Shida ilianza na ubahili. Kompyuta za kwanza zilisomeshwa kwa kadi za karatasi ngumu zenye matundu, na kadi ya kawaida ilikuwa na safu 80 tu. Kila herufi na kila tarakimu ilichukua safu moja. Baadaye zikaja mashine zenye kumbukumbu ya ndani, lakini kumbukumbu hiyo ilikuwa ghali mno. Basi waandishi wa programu wakafanya kile anachofanya karani yeyote mwenye haraka anapoandika 12/3/58 katika daftari la etasivili. Waliiacha 19. Kila mtu alijua 58 ni 1958, na mwaka 2000 ulionekana uko mbali sana. Walidhani programu zile zitakuwa zimetupwa zamani kabla ya siku hiyo.

Hazikutupwa. Programu ya serikali haitupwi kirahisi, inaongezwa viraka. Ile ya kulipa pensheni iliyoandikwa miaka ya 1960 iliendelea kufanya kazi katika miaka ya 1990, ikiwa ndani ya mashine mpya, na walioiandika wamekwisha staafu.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaielewa. Mtu aliyezaliwa 58, mwaka 99 ana miaka 41: unatoa 58 kwenye 99. Mwaka 00 ukifika, mashine inatoa 58 kwenye 00 na kupata miaka 58 chini ya sifuri. Mtu huyo bado hajazaliwa. Atalipwaje pensheni? Dawa itakayoisha muda mwaka 02 itaonekana imeharibika tangu 1902. Deni la kulipwa mwaka 01 litaonekana limechelewa karibu karne nzima. Tena kulikuwa na mtego wa pili: mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, lakini 2000 ulikuwa nayo, kwa sababu mwaka unaofunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Waandishi wengine wa programu hawakuijua kanuni hiyo.

Waliotoa onyo walikuwapo. Mmarekani Bob Bemer, mmoja wa watu walioweka misingi ya namna kompyuta zinavyoandika herufi, alilisema jambo hili tangu miaka ya 1970, na hakuna aliyemjali. Mwaka 1993 Peter de Jager wa Canada aliandika makala kali katika gazeti la Computerworld. Hapo watu wakaanza kushtuka, ingawa serikali nyingi zilichukua miaka mingine mitatu au minne kuamka.

Ofisi moja ya serikali ilitangulia, nayo ni ile inayolipa pensheni za wazee na walemavu wa Marekani, Social Security Administration. Iliigundua shida mwaka 1989, kwa sababu hesabu zake za kurudishiwa fedha zilizolipwa kwa kuzidi zilikuwa zinavuka mwaka 2000. Ofisi hiyo ilikuwa na zaidi ya mistari milioni 30 ya programu. Kazi ikawa kuisoma, kutafuta kila mahali palipo na tarehe, kurekebisha, na kujaribu. Ilichukua karibu miaka 10. Desemba 1998 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba malipo ya wazee yako salama. Ofisi nyingine za serikali hiyohiyo zilianza zikiwa zimechelewa, na Februari 1998 Clinton akaunda baraza maalum chini ya John Koskinen ili kuzisukuma. Gharama ya serikali kuu ya Marekani peke yake ilipita dola bilioni 8.

Ukiangalia namna kazi ilivyofanyika, jambo la kwanza halikuwa la ufundi. Lilikuwa kuhesabu. Ofisi nyingi za serikali, hata za nchi tajiri, hazikujua zina mashine ngapi, zina programu zipi, nani aliziandika, na ipi inategemea ipi. Ilibidi watu waende chumba kwa chumba wakiandika orodha. Baada ya orodha, wakachagua: hii ikisimama watu watakufa au watakosa mshahara, hii ikisimama tutasubiri. Ndipo wakarekebisha zile za kwanza, wakazijaribu kwa kuzidanganya kwamba mwaka 2000 umefika, na mwisho wakaandika mpango wa kufanya kazi kwa mkono kama mashine itakataa. Orodha hizo zilibaki, na pengine ndizo faida kubwa kuliko zote.

Kurekebisha nako kulikuwa kwa namna mbili. Njia safi ilikuwa kupanua kila tarehe iwe na tarakimu nne za mwaka. Njia ya mkato ilikuwa kuwekea mashine mpaka: tarakimu 00 hadi 29, kwa mfano, zihesabiwe kuwa 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 zibaki kuwa za 1900. Njia hii ilikuwa rahisi na ya haraka, na wengi waliifuata. Msomaji aukumbuke mpaka huo, utarudi mbele.

Umoja wa Mataifa uliingia mwaka 1998. Baraza Kuu lilipitisha azimio mwezi wa Juni, na tarehe 11 Desemba waratibu wa nchi zaidi ya 120 walikutana New York. Februari 1999 kikaundwa kituo cha kimataifa cha ushirikiano kilichoongozwa na Bruce McConnell, kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia. Benki hiyo, kupitia programu yake ya infoDev, ilitoa misaada kwa nchi zinazoendelea ili ziandike mipango yao ya taifa. Hata Marekani na Urusi, ambazo hazikuaminiana, ziliweka maofisa wao wa jeshi katika chumba kimoja huko Colorado, wakiangalia pamoja skrini za kuonya juu ya makombora, isije mashine moja ikakosea na vita vikaanza.

Je, Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Hapa historia ina kichekesho chake. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza ya serikali mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za hazina zilivurugika vibaya mikononi mwa mashine, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hayo yalilegezwa polepole baadaye. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1999 ulipofika, nchi hiyo haikuwa na mlima wa programu za miaka ya 1960 kama Marekani. Kuchelewa, kwa mara moja, kulisaidia. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa hivyo: kompyuta nyingi zilikuwa za mezani, za miaka ya 1990.

Lakini kompyuta za mezani nazo hazikuwa salama zote, hasa zile kuukuu zilizokuja kama msaada. Ndani yake mna saa ndogo inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Baadhi ya saa hizo zilishindwa kuvuka 99, na mashine ikiwashwa inaonyesha tarehe 4 Januari 1980. Jaribio lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba karani yeyote angeweza kulifanya: weka saa ya mashine iwe dakika mbili kabla ya mwaka mpya wa 2000, zima, subiri kidogo, washa, uangalie tarehe. Katika benki, forodha na makampuni ya umeme, hilo ndilo lililofanyika ofisi kwa ofisi.

Kwa Congo, swali lilikuwa la namna nyingine. Nani angehesabu? Ofisi ya Kinshasa haingeweza kutuma mtu Uvira, Goma au Kisangani kuorodhesha mashine. Faranga ya Congo ilikuwa imetolewa Juni 1998, wiki chache tu kabla ya vita kuanza, na upande wa mashariki watu walishika dola na noti za zamani. Mishahara ya watumishi wa leta ilikuwa haifiki kutoka Kinshasa. Habari na hata maagizo ya fedha vilipita kwenye foni, redio zile za masafa marefu ambazo hazijali ni mwaka gani. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa kimesimama tangu vita vya 1996. Umeme wa mto Ruzizi ulitegemea mabwawa mawili, Ruzizi ya kwanza ya miaka ya 1950, iliyojengwa kabla vipande vya elektroniki vya kushika tarehe havijawa vya kawaida, na Ruzizi ya pili ya 1989, ambayo ni ya Congo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Nchi hizo tatu mwaka ule zilikuwa ndani ya vita, na mbili kati yao zilipigana.

Inasemekana mara nyingi kwamba maskini hakuwa na cha kupoteza usiku ule. Ni nusu ya ukweli. Bijombo haikuwa na kompyuta, lakini chumvi, dawa, nguo na mafuta vilipita forodha, benki, meli na viwanja vya ndege vya wenye kompyuta. Mashine ya bandari ikisimama, bei inapanda Uvira, na ikipanda Uvira, aliyeko mlimani analipa zaidi.

Usiku ulipita. New Zealand ilivuka na taa zikiwaka, Japani ikavuka, Nairobi na Dar es Salaam zikavuka, kisha Uvira na Bujumbura kwa dakika ileile. Ndege hazikuanguka.

Makosa hayakukosekana, ila mengi yalikuwa madogo. Marekani ilipoteza kwa siku chache sehemu ya uwezo wa kusoma picha za satelaiti zake za kijasusi. Tovuti ya ofisi ya saa ya jeshi la majini la nchi hiyo iliandika mwaka 19100. Tarehe 29 Februari, mashine za kutolea fedha za posta ya Japani zilikwama kwa sababu ya ile siku ya ziada. Kosa lililoumiza watu lilitokea Sheffield, Uingereza. Kompyuta ya hospitali ilikosea umri wa mama wajawazito, na umri ndio unaotumika kukadiria hatari ya mtoto kuzaliwa na ulemavu wa Down. Zaidi ya wanawake 100 walipewa majibu yasiyo sahihi kabla kosa halijagunduliwa miezi kadhaa baadaye. Kosa dogo la tarehe lilifika hadi tumboni mwa mama.

Katika kanda hii, maafa ya mwaka huo yalitoka kwingine. Kenya ilikatiwa umeme kwa mgao mwaka 2000, lakini sababu ilikuwa ukame, mabwawa yalikuwa matupu. Uganda, huko Kanungu, kundi la kidini lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa limewaambia waumini kwamba dunia itaisha mwisho wa 1999. Dunia haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na makaburi mengine yaligunduliwa baadaye. Hofu ya tarehe iliua watu mahali ambapo hapakuwa na kompyuta.

Ndipo kukaanza maneno ya kwamba fedha zote zilipotea bure. Hoja yao kubwa ni Italia na Urusi, zilizofanya kazi kidogo na kuchelewa, lakini hazikuporomoka. Hoja hiyo ina nguvu kidogo, kwani wauzaji wa mashine walipandisha bei na wengine waliuza hofu tupu. Ila inasahau kwamba waliochelewa walipokea programu zilizokwisha rekebishwa na waliotangulia. Anayetembea nyuma ya wenzake msituni hakuti miiba, halafu anasema msitu huu hauna miiba. Na wale wa Sheffield wangeulizwa, jibu lao lingekuwa tofauti.

Sasa, Bijombo ya leo. Congo ilifanya hesabu ya watu kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Kitambulisho cha taifa kilianza kutolewa kwa wachache Juni 2023. Kwa miaka yote ya katikati, tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mchaguzi ndiyo inayosimama badala ya kitambulisho, na sheria inaitambua hivyo kwa muda. Mkaaji wa mlimani huihitaji kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye mpaka wa Kavimvira, kwenye benki na kwenye laini ya simu. Na juu ya kadi hiyo pana tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwa wazee wengi ni makisio: karani aliuliza, mzee akataja njaa fulani au mwami fulani, ikaandikwa 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa.

Mashine huchukua makisio hayo kama ukweli. Kabla ya uchaguzi wa 2018, orodha ya wachaguzi iliyokuwa na zaidi ya majina milioni 46 ilisafishwa ikabaki karibu milioni 40. Wengi walioondolewa walikuwa wamejiandikisha mara mbili, na wengine, mamia ya maelfu, walihesabiwa kuwa hawajafika miaka 18. Umri ulihesabiwa kwa tarehe iliyomo ndani ya mashine.

Na ule mpaka wa njia ya mkato haujaondoka. Programu ya Excel, inayotumiwa na karibu kila ofisi na kila shirika Uvira kuandika orodha za waliokimbia makazi yao, kwa matoleo yake mengi iliweka mpaka palepale: mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, 30 na kuendelea ni 1930, na 29 kurudi nyuma ni ya miaka ya 2000. Bibi aliyezaliwa 1928 akiandikwa 28, mashine inamweka 2028. Akihesabiwa umri, hajazaliwa, na msaada wa wazee unampita. Dawa yake ni kuandika tarakimu zote nne za mwaka, kila mara, kwenye daftari na kwenye mashine.

Mbele kuna tarehe nyingine. Mashine nyingi, zikiwamo vifaa vidogo vya mitandao, huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na za zamani zina nafasi ya sekunde 2,147,483,647 tu. Nafasi hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Zikivuka hapo bila kurekebishwa, zitarudi nyuma hadi Desemba 1901. Mashine mpya zimepewa nafasi kubwa zaidi, lakini Uvira na Bukavu mashine kuukuu huendelea kufanya kazi hadi zife zenyewe, na bado hakuna aliyetangaza orodha yake.

Kwa saa ya Kivu itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Mtoto aliyezaliwa Bijombo Januari 2020 atakuwa anatimiza miaka 18 mwezi huohuo, na atateremka Uvira kudai kadi yake ya kwanza.